Mtu Anafelije Kulala Kitandani

Nyumba ya Pembeni,
Mtaa wa Shule.
Jumapili, tarehe 9 Juni.

Mpendwa mdogo wangu,

Pokea salamu nyingi kutoka kwetu sote. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kwamba mgongo uliokuwa ukikusumbua kwa kuinama juu ya mashine za dobi umepata nafuu. Wifi yako anauliza kama bado mnafua mashuka ya hoteli nzima watu watatu tu, au mwajiri wenu amekwisha kuona aibu akaongeza mtu. Anauliza pia kama baridi ya huko imepungua.

Sisi tunaendelea vizuri. Magoti yangu yananikumbusha umri kila nikipanda ngazi, ila macho bado yananitosha kusoma gazeti bila kukunja uso. Paa la jikoni lililokuwa likivuja limezibwa. Fundi alikuja mara tatu, mara mbili kuangalia na mara moja kufanya kazi.

Sasa nije kwenye swali lako. Simu ya wiki iliyopita ilikatika ukiwa umeuliza mtu anafelije kulala kitandani, na nadhani ulikuwa unacheka. Swali linastahili jibu refu kuliko lile ambalo simu ingeruhusu. Nitakueleza kwa utaratibu, kwa sababu jambo hili ukilianzia katikati linaonekana la kipuuzi.

Shule ya binti yako ni sekondari kama nyingine yoyote mpaka saa sita mchana. Wanasoma hesabu, lugha, biolojia na kemia. Baada ya chakula, wale wa mchepuo wa uuguzi huvua viatu mlangoni na kuingia katika chumba kirefu ambacho zamani kilikuwa bwalo. Humo mna vitanda vinane vya chuma, sinki mbili, kabati la mashuka, na sanamu ya mtu mzima ya mpira ambayo wanafunzi wanaiita Mzee Hasemi. Kwa Mzee Hasemi wanajifunza kufunga bendeji, kuogesha na kugeuza mtu bila kumvuta ngozi. Mwaka wa mwisho hupelekwa hospitali mara mbili kwa wiki, wakiwa chini ya wauguzi wenyewe. Asiyekwenda wodini hawezi kufanya mtihani wa uuguzi. Huhamishiwa mchepuo wa sayansi wa kawaida, na mlango huo unafungwa.

Mwalimu wao ni mama mmoja aliyekuwa matroni wa hospitali kwa miaka mingi kabla ya kustaafu, na ndivyo wanavyomwita, Matroni. Yeye ndiye aliyeleta kanuni isiyo katika kitabu chochote nilichokiona. Kabla mwanafunzi hajamgusa mgonjwa wa kweli, lazima awe mgonjwa yeye mwenyewe siku nzima. Hupewa ugonjwa, hulazwa, na wenzake humuuguza tangu kengele ya asubuhi mpaka ya jioni. Analishwa, anaoshwa uso na miguu, anageuzwa. Akifanya jambo ambalo ugonjwa wake haumruhusu, amefeli.

Binti yako alipewa kupooza upande wa kulia. Ujue kwamba darasani huyu ni wa kwanza. Anatandika kitanda upesi kuliko Matroni mwenyewe, na wenzake wamempa jina la Meneja. Hakuna aliyefikiri angeshindwa kulala.

Mara ya kwanza hakufika hata saa ya chai. Mwenzake mmoja alikuja na beseni la maji, akajikwaa, na mkono wa kulia wa binti yako, ule uliopooza, ukaruka ukalidaka beseni kabla halijagusa sakafu. Chumba kizima kiliangua kicheko. Mmoja akaita, "Jamani, njooni muone, Meneja amepona." Matroni hakucheka. Alimwambia ainuke na avae viatu.

Mara ya pili hakusogeza hata kidole. Badala yake alisema. Alimwambia aliyekuwa akitandika kwamba kona ya shuka haikukunjwa sawasawa, akamwambia mwingine kwamba maji yamepoa, na wa tatu, aliyekuwa anamlisha, akafundishwa namna ya kushika kijiko mpaka akaanza kulia. Hapo Matroni aliweka kalamu chini akamuuliza, "Meneja, wewe umelazwa hapa, au umekuja kukagua wodi?"

Baada ya hapo niliitwa shuleni. Nilikwenda nikiwa nimejiandaa kubishana, kwa maana nimefundisha miaka thelathini na sijawahi kumfelisha mtoto kwa kosa la kusaidia. Nilimweleza Matroni jambo ambalo wewe unalijua, kwamba mama yetu alipolala kitandani miaka yake miwili ya mwisho, huyu mtoto, akiwa bado wa shule ya msingi, ndiye aliyekuwa akimgeuza na kumpa maji. Nikasema kwamba kama kuna mtu katika darasa lile anayejua kuuguza, ni yeye.

Matroni alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Mzee wangu, kuuguza anajua, sina ubishi. Lakini wagonjwa wa namna yake nimewauguza. Ndio wale wanaoinuka wenyewe kwenda msalani ili wasisumbue mtu, unawakuta chini wamevunjika nyonga. Na wauguzi wa namna yake nimefanya nao kazi. Mgonjwa akisema anaumwa, wao wanasikia analalamika."

Nikamuuliza kama atapewa nafasi nyingine. Akasema moja tu, Alhamisi ya wiki inayofuata, na hatakuwa na huruma.

Nikarudi nyumbani nikapanga, kama ilivyo kawaida yangu, tufanye mazoezi. Jioni ile binti yako alilala kwenye kochi la mbele, na wifi yako akaja na bakuli la supu kumlisha. Kijiko cha kwanza kilikwenda vizuri. Cha pili kilipokaribia, mkono ukatoka chini ya shuka, ukamshika wifi yako kifundo cha mkono ukamwongoza. Wifi yako akakiweka kijiko mezani.

"Wewe," akamwambia, "nimekulisha ukiwa na meno mawili. Leo ndio unanionyesha mdomo wako uko wapi?"

Tulicheka wote, na yeye alicheka. Lakini mazoezi hayakuendelea. Nilipobaki naye peke yake nilimuuliza ni nini hasa kinachomshinda. Alinyoosha mto wa kochi, akaupanga, akaunyoosha tena. Akasema, "Mjomba, Bibi alikuwa ananiomba msamaha kila nikimgeuza. Kila mara. Nisamehe mjukuu wangu, nakuchosha. Na kweli alikuwa ananichosha. Nikilala pale namsikia."

Nilimwambia tu kwamba bibi yake aliomba msamaha kwa sababu hapakuwa na mtu aliyemwambia kuwa haikuwa lazima. Sijui kama alinisikia. Aliondoka akaenda kuosha bakuli.

Niliyokuwa nayahofia nayasema wazi, kwa kuwa wewe ndiye mama yake. Niliona kwamba akifeli mara ya tatu atakubali kuhamishwa bila neno. Angesoma fizikia, angeshika nafasi ya kwanza, angetuambia ni sawa tu, na tungemwamini. Tangu akiwa na miaka kumi hajawahi kutaja kazi nyingine anayoitaka.

Alhamisi ikafika. Yaliyotokea nimeyapata vipande vipande, kutoka kwake, kutoka kwa Matroni, na zaidi kutoka kwa msichana aliyekuwa muuguzi wake siku hiyo, ambaye alikuja hapa jana kula nasi. Msichana huyo wanamwita Kobe, na nilipomwona akivuka sebule kuja kunisalimu nilielewa sababu. Ni mpole, mikono yake ni mizito, na hamalizi jambo mpaka alifikirie. Matroni alimchagua makusudi, na sharti likawa kwamba Kobe atauguza peke yake. Sijui kama huko ni kufundisha au ni kutesa. Katika kazi yangu mara nyingi mpaka kati ya viwili hivyo niliuona baadaye.

Asubuhi uji ulimwagika. Ulishuka kidevuni ukaingia shingoni, na Kobe akaenda kutafuta kitambaa kwa mwendo wake ule. Binti yako alilala kimya akitazama dari. Uji ukapoa ukakauka. Wasichana wa vitanda vya jirani walikuwa wameacha kazi zao wanatazama, na mmoja alinong'ona kwamba leo Meneja atalipuka. Hakulipuka. Kitambaa kikaja, akafutwa, na upande mmoja ukasahaulika.

Kobe alimuuliza, "Uko sawa?"

"Niko sawa."

Matroni, aliyekuwa dirishani, akakohoa. Kobe anasema kikohozi kile kilimtisha kuliko mtihani wote, kwa sababu hakujua kilimlenga nani kati yao.

Mchana Kobe alimgeuza kwa upande wa kushoto, na katika kumgeuza mto ukateleza ukaenda ukutani. Kichwa kikabaki hewani, kimeegemea bega. Kobe hakuona. Alikuwa anapanga shuka miguuni kwa uangalifu mkubwa, kona kwa kona, kisha akaketi kwenye kiti chake akiwa ameridhika. Mkono wa kushoto wa binti yako ulikuwa umelaliwa na mwili wake, na wa kulia ulikuwa umepooza. Mto ulikuwa karibu kiasi cha mtu kuugusa kwa pua.

Alikaa hivyo muda mrefu. Kobe aliuliza tena kama yuko sawa, naye akajibu tena kwamba yuko sawa. Wengine walikwenda kunywa chai wakarudi. Matroni aliniambia kwamba alikuwa amekwisha kuamua. Alikuwa anasubiri kengele tu amwandikie kushindwa, kwa kuwa mgonjwa anayeumia akasema haumii amemdanganya muuguzi wake, na hilo kwake lilikuwa kosa sawa na kudaka beseni.

Kengele ya jioni ilikuwa imekaribia sana binti yako aliposema, kwa sauti ambayo Kobe aliisikia kwa shida, "Kobe. Mto umetoka. Shingo inaniuma."

Kobe aliinuka. Akauvuta mto, akauweka, ukawa juu mno. Akauliza, "Hapo?"

"Chini kidogo."

"Hapo?"

"Bado."

Akauchukua akaukung'uta, akauweka upya, akakishika kichwa kwa viganja viwili kama mtu anayepokea yai, akakilaza. "Hapo je?"

"Hapo."

Kisha machozi yakaanza kumtoka, bila sauti. Kobe alidhani ni sabuni ya asubuhi, akaenda kutia kitambaa maji akamfuta macho, akamfuta na ule upande wa shingo uliokuwa umesahaulika. Binti yako alimwacha afute. Hakuomba msamaha, na Kobe hakuonekana kuchoka. Kengele ilipolia wote wawili walikuwa bado hapohapo.

Matroni alinipigia simu jioni. Alisema, "Amepita. Si kwa wingi." Nikamshukuru. Akasema nisimshukuru yeye, na kwamba Kobe naye amepata alama za juu kuliko alizowahi kupata, ingawa kwa kumwaga uji amekatwa. Wodini wanaanza Jumatatu ya tarehe 17.

Ukitaka maoni yangu, bado sina hakika kwamba njia ile ni nzuri. Mtoto mwingine angeweza kuvunjika moyo moja kwa moja. Lakini nimeona kinachofundishwa, na sikukiona katika vitabu vyake vyote nilivyovipitia.

Nimalizie na la jana. Kobe alipokwisha kuondoka, tulibaki mezani sisi watatu. Binti yako alikuwa anakusanya sahani, akasimama nazo mkononi, akasema, "Mjomba, viatu vyangu vinanibana. Tangu muhula uliopita."

Wifi yako alimwambia avivue tuone. Vidole vilikuwa na malengelenge, vingine vimepona vikatoka tena. Anaishi chini ya macho yangu, na kila asubuhi namuuliza kama ana shida. Kesho nitakwenda naye kununua vya wodini, vyeusi, vilivyofunika vidole, vyenye soli ya mpira. Usitume chochote, hilo tumekwisha kulimaliza.

Alinipa na ujumbe wa kukuletea, akaniambia niuandike kama alivyousema, kwa hiyo siongezi wala sipunguzi: "Mwambie mama, kwenye simu nikisema sina shida, asiamini upesi. Na yeye akisema, mimi siamini."

Wifi yako anakusalimu sana, vilevile wapwa zako, watoto wa marehemu kaka yetu, pamoja na jirani yetu mshona nguo anayesema bado anakudai picha. Nisalimie yule mama unayeishi naye, aliyekuuguza ulipokuwa na homa. Mungu akupe nguvu mchana na usingizi wa kutosha usiku, na akulinde mpaka tuonane.

Ni mimi kaka yako, nikupendaye sikuzote,

Mjomba wa Meneja