Majina Niliyokipa Kisiwa

Kisiwa cha Kasimbi,
kwa njia ya Karema,
11 Julai 1954

Dada Klementina, kisiwa chetu kimeingia katika ramani ya Serikali, na aliyekiandika ni Evodi wangu kwa mkono wake!

Haya sasa, hujambo dada? Shemeji Oswaldi kifua kimepoa? Na nyie wote huko Mpanda, moshi wa garimoshi haujawachosha? Sisi tu wazima, isipokuwa mguu wangu ulivimba, na mguu huo ndio ulioleta habari zote hizi.

Mwezi wa tano alikuja Mzungu wa kupima ardhi na chombo chake cha miguu mitatu, akifuatana na Evodi, ambaye siku hizi ni mchoraji katika ofisi yao. Kaptula yake imepigwa pasi hata nzi anaogopa kutua. Ilikuwa Jumapili, watu wote wamevuka kwenda Misa, nimebaki mimi na mguu. Mzungu akanyoosha kidole, akauliza kilima kile kinaitwaje. Dada, unajua kwetu hakuna mahali penye jina. Kisiwa chote unakizunguka kabla maharage hayajaiva. Tunasema kule juu, kule chini, kule kwenye matete, na mtu anafika. Lakini mwanangu ameshika penseli mbele ya mkubwa wake, halafu mama yake aseme hatuna majina? Nikayatoa.

Kilima cha katikati chenye mihogo nikakiita Mlima Kalisti, ingawa mume wangu akifika nusu yake hukaa chini akitafuta tumbaku ambayo hakuibeba. Upande wa magharibi, kwenye yale majabali yanayopigwa na mawimbi ya kutoka Kongo mchana kutwa, nikapaita Rasi Josephat, maana yule mtoto wetu alilia hivyo hivyo miaka miwili. Bonde la matete na vyura nikampa jirani yangu Verdiana. Nilidhani atanuna. Kumbe tangu asikie, anawafukuza wakataji matete, anasema Serikali imempa. Na ule ufuko wa mchanga upande wa mashariki, mahali pekee mtumbwi unapoweza kutua, nikauita Bandari ya Romana. Mzungu akauliza Romana ni nani. Nikamjibu alikuwa mwanamke mashuhuri wa zamani. Evodi aliinamisha kichwa, akaandika.

Sasa dada, kaa chini. Uko ule mwamba uliosimama peke yake majini upande wa kaskazini, wanapolala wale ndege weusi wanaokula samaki. Unaujua. Ni mweupe, wala si kwa chokaa. Upepo ukitoka huko tunafunga milango. Mzungu aliuliza jina lake, na mimi siku ile bado nilikuwa na kinyongo kwa uliyoyasema kwenye harusi ya Marselina, mbele ya wakwe, kwamba kisiwa chetu mtu akipiga chafya upande huu, wa upande ule anamwambia afya. Watu walicheka hadi wakaweka sahani chini. Tangu hapo hatukuandikiana miezi kumi. Nikamwambia Mzungu: “Ule ni Mwamba Klementina.”

Nimekosa, dada yangu. Kila ndege akitua pale, mimi ndiye ninayeona haya.

Evodi ameniandikia kwamba ramani bado ni ya penseli, mwisho wa mwezi ataipitishia wino. Kufuta jina haruhusiwi, kwa kuwa Mzungu ameshayapeleka yote kwa wakubwa, lakini majina mawili anaweza kuyabadilishana mahali, akisema alichanganya yeye. Nimempelekea neno. Bandari sasa ni ya Klementina, na kila anayekuja kisiwani atakanyaga kwako kwanza, hata Padre. Romana amehamia mwambani. Kalisti alisema jina limepata mahali pake, na siku hiyo alikula ugali mkavu. Mimi nililia kidogo, nikikumbuka jinsi yule mwanamke alivyokuwa mashuhuri.

Ramani itatundikwa katika darasa la katekista hapa hapa kisiwani, na Evodi atakuja nayo. Msalimie shemeji, wasalimie watoto, uwabusu wajukuu. Usipokuja nitajua hujanisamehe. Njooni wote. Mimi mdogo wako Romana, mguu umepona, nitakuwa nimesimama kwenye bandari yako tangu asubuhi, Jumapili ya Kupalizwa Bikira Maria, tarehe kumi na tano Agosti.