Mchezo Mbele ya Mgeni

Kitengela, Jumamosi, 2004

Nimejiaibisha. Afisa wa michezo alitoka Kajiado kuja kumwona binti yangu Atieno akicheza chesi, aone kama anafaa kufundishwa kwa gharama ya serikali. Afisa mwenyewe alikuwa acheze na Atieno, lakini mimi nikajitia mbele: "Wacha nianze naye."

Nikamshinda. Nilicheka mpaka nikapiga meza! Afisa akamaliza chai, akasema, "Bado ni mdogo, mzee. Wacha tuangalie wengine."

Alipoenda nikamuuliza mtoto, mbona ulinipea malkia bure? Na kila siku unanishinda.

Akasema polepole, "Baba, ulikuwa na mgeni."

Nilishindwa kumwangalia.

Jumatatu nitaenda Kajiado nimwambie afisa ukweli. Acha anicheke, bora nafasi isiwe imeshapewa mwingine.