Majani ya Mgomba na Mguu wa Mama Thacienne

Dispanseri ya Ntoto, Walikale
Tarehe 14 Machi 1955

Mpendwa kaka Isidore,

Nakusalimu kwa jina la Bwana. U mzima huko Léopoldville? Joto linakuachia usingizi? Sisi huku tu wazima, ila mvua imezidi. Kifua cha mke wangu Anne kimepona tangu Epifania. Mama yako Thacienne, mama yangu mkubwa, sasa anatembea bila fimbo, na amepanda mihogo kwenye shamba lako.

Picha yako ya gazetini tumeiona. Padri ameibandika mlangoni mwa kanisa: wewe, koti jeupe, hadubini, na docteur wako kando. Kila Dominika watu wananisimamisha hapo kunipa pongezi kwa ajili yako. Natabasamu mpaka mashavu yananiuma. Nakuambia wazi, kaka, wivu umenikaba.

Usifikiri ni koti. Mguu wa mama yako niliuosha mimi, infirmier, muuguzi wa hapa, miezi minne. Kila Jumatatu nilipitisha jani changa la mgomba motoni, nikaliweka juu ya kidonda, nikachora ukingo wake kwenye jani kwa mwiba. Mimi ndiye niliyeona kwamba kidonda hakifungi kuanzia katikati. Ngozi inaingia kutoka ukingoni, upana uleule kila wiki, kidonda kiwe kikubwa au kidogo. Ulipokuja konji, likizo yako, nilikuonyesha, ukacheka. Halafu ukaondoka na majani yote sandukuni.

Sasa mama anaunyosha mguu huohuo mbele ya wageni na kusema: "Mutoto wangu Isidore njo anajua mambo ya vidonda. Iko na akili sana." Nami nimeketi palepale nakula ugali wake.

Barua yako ya Januari nimeisoma mara nyingi. Unasema docteur anatafuta hesabu ya kueleza jinsi chembe za ngozi zinavyotembea na kuzaana, moja kuwa mbili, mbili kuwa nne, mpaka kidonda kifunge. Hesabu hiyo inakubali kwa sungura, inakataa kwa mama yako, kwa sababu majani yanaonyesha kidonda kikipanuka wiki ya tatu. Eti chembe za Ntoto zinarudi nyuma. Na usipopata maelezo, docteur atakutoa kazini.

Nilifurahi. Naungama kwako kabla ya kuungama kwa padri. Sababu niliijua siku ileile, nikanyamaza wiki saba. Majani niliyatunza kikapuni juu ya meko, kama tunavyotunza mbegu za mahindi. Ya wiki mbili za kwanza yalikuwa chini, karibu na moto, yakasinyaa kuliko mengine, ndiyo maana la tatu likaonekana kubwa. Wewe ulipima majani makavu, hukupima kidonda.

Lakini kila Jumatatu, jani likiwa bado bichi, nilipanga ndani ya mchoro maharagwe madogo ya kwetu Masisi, yakigusana, nikayahesabu na kuandika. Jani la kwanza, mia mbili na kumi na mbili. La pili, mia na themanini na sita. La tatu, mia na sitini na mbili. Hakuna chembe iliyorudi nyuma. Daftari hilo uliliona. Ulisema ni la mpishi, ukaliacha mezani.

Anne ndiye aliyenifungua macho. Aliniambia: "Ukinyamaza, batamurudisha huku. Utamusikia akisifiwa kila siku, si Dominika tu." Hilo sikulifikiria.

Basi nakutumia daftari lenyewe. Katikati ya namba za kila ukurasa nimeandika kwa wino: Polycarpe, infirmier, Ntoto. Ukilikata jina, utakata na namba.

Nisalimie shemeji Colette na watoto. Jean-Bosco wa Mpofi anakusalimu, na baba mdogo Léonard pia. Mungu akulinde, na mikono yako isitetemeke juu ya hadubini.

Mama yako anasubiri gazeti lingine. Safari hii nami nalisubiri.

Wako akupendaye, ingawa mwaka huu kwa jasho,
Polycarpe