Mtamba wa Shukrani Aliyechinjwa Mushaki

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako, na kwanza unisamehe kwa kimya changu kirefu, kwa maana uliponishauri mwaka juzi juu ya ugomvi wa malisho niliahidi kukuandikia ulivyokwisha, sikuandika, na leo narudi kwako nikiwa na aibu mbili. Mimi ni Nestor Makuza, mchuuzi wa maziwa na siagi hapa Mushaki, na mwaka huu wa 1954 shule yetu imefanya jambo ambalo halijapata kuonekana katika vilima hivi: watoto kumi na mmoja walifanya mtihani wa cheti na wote kumi na mmoja wamefaulu, hata binti yangu Adelaïde, nasi tuliposikia majina yakisomwa mbele ya kanisa tulipiga vigelegele mpaka ng'ombe wakatawanyika barabarani.

Basi sisi wafanyabiashara, mimi na Hubert mwenye duka na Mama Pétronille muuza unga, tukapatana kuwashukuru watu wa shule kwa pamoja, lakini mimi sikuwangoja wenzangu, nilitaka kuonekana wa kwanza, nikampelekea Mwalimu Hilaire mtamba mwekundu, nikamwambia mbele ya watu wote, "Mwalimu, tangu leo weye njo muntu wangu," kwa maana kwetu ng'ombe akitolewa hachinjwi, anazaa, siku moja ndama anarudi kwa aliyetoa, na watu hao wawili wamefungamana maisha yao yote. Sasa Mwalimu Hilaire ni mtu wa Walikale, mwana wa wawindaji, na kwao nyama ikifika nyumbani hailali, inagawanywa siku ileile kwa kila aliyeshiriki kazi. Jioni yake nilipita shuleni nikakuta ngozi ya mtamba wangu imewambwa uani, na walimu wote wanne, na Mama Léontine mfagiaji, na mzee Hakorimana mpiga kengele, wanakula huku wakiimba, na mwalimu akaniita kwa furaha, "Papa Nestor, kuya! Fungu yako iko hapa, paja yote!"

Nikapaza sauti, "Umekula urafiki wetu! Muntu anakupatia ng'ombe, hata jina yake hauulizi?"

Akaweka nyama chini. "Papa," akasema polepole, "ulinipa zawadi ao ulinifunga kamba?"

Tangu siku hiyo hasemi nami, ameandika barua ya kuomba arudishwe Walikale, ataitoa mwisho wa mwezi, na akiondoka darasa la tano litafungwa kwa sababu hakuna mwingine wa kulifundisha, na mke wangu Kamaliza ananiambia kila siku, "Njo weye umefukuza mwalimu, si mutamba." Je, nidai ndama wangu, ninyamaze, au niende kumwomba radhi mtu aliyemla ng'ombe wangu?

Nestor Makuza, Mushaki

JIBU

Nestor, kimya chako nimekisamehe. Kiburi chako bado.

Hongera kwa Adelaïde na wenzake kumi. Na uchungu wako naujua: mimi pia nimekulia kati ya ng'ombe, na ngozi ile ingenishtua. Lakini mwalimu hakukosa. Hukumwambia kwamba mtamba huyo hachinjwi. Ulichomwambia ni kwamba yeye ni mtu wako. Mwalimu wa watoto wote hawezi kuwa mtu wa mchuuzi mmoja. Mwakani mwanao mwingine akishindwa mtihani, utamtaka mwalimu afanye nini?

Tena tazama alivyogawa. Wewe ulimwona mtu mmoja. Yeye aliwakumbuka aliyefagia darasa na aliyepiga kengele siku za mvua. Amekufundisha kushukuru, na ng'ombe aliyemtumia kukufundishia ni wako mwenyewe.

Ndama usimtaje tena. Jumamosi hii nenda shuleni pamoja na Hubert na Pétronille, mikono mitupu. Radhi uiombe palepale ulipopiga kelele, kwa sauti ileile. Kisha waulizeni watu wa shule, wote sita wakiwa wameketi, wanakosa nini, nawe usijibu kwa niaba yao. Kila mfanyabiashara atoe kinachotoka katika kazi yake: wewe maziwa kila asubuhi, Hubert mafuta ya taa, Pétronille unga wakati barabara ya Sake inapokatika kwa mvua. Mfagiaji apokee sawa na mwalimu. Na vitolewe kwa jina la wafanyabiashara wa Mushaki, si kwa jina lako.

Mzee Athanase

BARUA YA PILI YA NESTOR

Mpendwa mshauri, nimefanya. Niliomba radhi uani pa shule kwa sauti iliyosikika hata kwa wapita njia, na Mama Léontine alipoulizwa anakosa nini alisema kwamba kwa miaka saba hakuna aliyemwuliza, kisha akaomba ndoo, na Hubert alikwenda dukani papo hapo akarudi nayo mbio, na watoto wakamshangilia kama mshindi wa mchezo. Mwalimu Hilaire alisema tu, "Papa, nimesikia. Acha nifikiri." Kesho yake nikaanza kupeleka maziwa ya watu sita.

Leo asubuhi Mama Léontine amenirudishia chombo changu cha maziwa kimejaa nyama iliyokaushwa kwa moshi, imetoka kwao Mwalimu Hilaire msituni. Mshauri, wajua kwamba kwetu nyama haiingii kamwe katika chombo cha maziwa! Kamaliza alipiga kelele, "Yesu! Nyama mu chombo ya maziwa!" Nami nilikwisha kufungua kinywa nigombe, nikaikumbuka ile ngozi uani, nikacheka mpaka nikakaa chini, naye akacheka, tukaila yote. Chombo hicho tumekiacha kiwe cha nyama ya mwalimu, na maziwa nimeyapeleka katika kipya.

Mama Léontine alileta na ujumbe: "Mwalimu anasema, kesho musichelewe na maziwa." Barua yake ya kuomba arudishwe Walikale ingali mfukoni mwake, hajaitoa wala hajaichana. Atakapokata shauri nitakuandikia siku ileile, na safari hii sitanyamaza.