Waliokosekana Kwenye Orodha ya Wadau

Mumbuni, Machakos

Baba yangu,

Shikamoo. Natumai mgongo umetulia, na kwamba Mama miguu haimsumbui tena. Mimi ni mzima, alhamdulillahi. Kila Ijumaa tunaongea kwa simu, lakini habari hii nimetaka uisome mwenyewe, polepole.

Unajua kazi yangu huku ni kuratibu mtandao wa vikundi vya wakulima wa Mwala, vile vinavyojenga mabwawa ya mchanga. Ukuta hukatiza mto wa msimu, mchanga hujaa nyuma yake, na maji ya mvua hujificha humo hadi kiangazi. Wafadhili wetu wanaondoka mwakani, kwa hiyo tulitakiwa kupanga jinsi vikundi vitakavyojiendesha, na nani atashirikiana na nani. Mkuu wangu aliandika orodha ya wadau: wakulima, maafisa wa kaunti, makanisa, msikiti, mhandisi wa maji. Nikamwuliza, "Na wachimbaji wa mchanga?"

"Hao si wadau, Mwanamisi. Hao ni wezi wa mto."

Hakukosea sana. Mwaka jana walichimba mchanga wa kuuza karibu na ukuta wa kikundi cha Bi Syombua hadi ukapasuka, na akina mama wakarudia kwenda na punda kwenye kisima cha mbali. Lakini tukipanga maisha ya mto bila watu wanaoingia mtoni kila siku, tunampangia nani? Nikapanda bodaboda, nikaenda kumwalika kiongozi wao, Mutua. Mkuu alipojua, aliniambia mkutano ukiharibika niandike barua ya kuacha kazi.

Tulikutana katika ukumbi wa kanisa. Mutua alipoingia na wenzake wawili, Bi Syombua alisimama. Ni mama wa makamo, sauti yake haipandi hata akikasirika.

"Kama huyu anakaa, mimi naenda. Ule ukuta tulibeba mawe na migongo yetu."

Nilimsihi asikilize kwanza, kisha aende akitaka. Mutua akavua kofia, akamwita mama kwa Kikamba. "Mwaitu, ule ukuta ni sisi tuliharibu. Sikatai. Lakini hakuna siku mmewahi kutuita tukae hivi. Mnatuitianga tu polisi." Kisha akaielekea ramani ambayo mhandisi alikuwa ametia alama za kuta mpya. "Hii ya kwanza msijenge hapo. Hakuna mwamba chini. Mvua moja tu, itabebwa."

Mhandisi akasema vipimo vimekamilika.

"Basi twende tuchimbe," Mutua akajibu. "Ni hapa karibu."

Tukashuka mtoni mkutano mzima, maafisa na viatu vyao vya ofisini. Wenzake Mutua walichimba hadi shimo likawafika mabegani, mwamba hakuna. Wakatupeleka juu kidogo, kwenye kona ya mto, na huko sururu iligonga mwamba shimo likiwa la magotini. Mhandisi aliingia mwenyewe, akaupapasa, akatoka na kusema mbele ya wote, "Nilikosea." Nilimheshimu kwa hilo.

Tuliporudi ukumbini tuliuandika mpango upya. Wachimbaji walikubali kukaa mbali na kuta zote, na mawe ya mpaka watayaweka wao. Nao wakapewa viti viwili kwenye kamati ya mtandao. Bi Syombua aliuliza jambo moja tu: "Na ukuta wetu?"

"Tutakuja mwethya," Mutua akasema, yaani kazi ya pamoja kama wanavyofanya wanakijiji, "mpaka uishe."

Na wamekuja, Jumanne tatu mfululizo. Juzi nilimkuta Mutua akichanganya saruji, Bi Syombua kamsimamia: "Ongeza maji. Hiyo ni kavu."

Mkuu hakuidai tena ile barua ya kuacha kazi. Kisha vikundi vikakutana bila mimi, vikanitumia mtu: wafadhili wakiondoka, wanataka nibaki niwaratibie mtandao, niwe mfanyakazi wao. Nimekubali, Baba. Najua mlitumaini ningerudi Msambweni mkataba ukiisha. Nimekaa shuleni miaka mingi kwa jasho lako, na sijawahi kujiona nina maana kama nilivyojiona siku ile mtoni. Naomba radhi yako.

Nisalimie Mama, kaka yangu fundi seremala, na shangazi wa mandazi. Mwambie ya huku hayafikii yake. Nibusie mtoto wa dada.

Ni mimi binti yako, na mratibu wa watu wa Mwala,
Mwanamisi