Jina Limeshapata Mtu

Quakers Hill,
Sydney, Australia.
Tarehe 9 Julai, 2025.

Mpendwa Mjomba Abednego,

Shikamoo, Mjomba. Na shikamoo nyingine juu ya hiyo. Ya pili ni ya Calvin, nimeibeba mimi, na ukifika mwisho wa barua hii utaelewa kwa nini.

U hali gani huko Usangi? Mguu umepungua kuvimba? Nilisikia mvua za masika zilikata barabara na mkakaa siku kadhaa bila umeme. Nikakufikiria wewe na betri yako ya gari, nikajua taa zililala lakini redio haikulala. Mama Nakijwa naye, kifua kimetulia? Mwambie asiache kujifunika asubuhi anapokwenda kukama.

Sisi miili ni mizima. Huku ni kipupwe, jua linazama kabla sijatoka kazini kwa wale wazee ninaowatunza, na nyumba za huku hazijui kabisa kuzuia baridi. Nalala na soksi kama mtoto. Mambo mengine si mazuri, Mjomba, na sitakudanganya kwa kuyapamba.

Barua yako ilifika kwa posta. Hii ataileta Gift, yule nesi wa Mwanga tunayesali naye, anayesafiri Jumamosi. Ameahidi kuipandisha Usangi mwenyewe na kukukabidhi mkononi. Ningekupigia, lakini simu yako inaita mpaka inachoka. Najua unaiona inavyoita. Wewe ukikasirika, hata jogoo wako haruhusiwi kuwika.

Umeniandikia malalamiko mawili. La kwanza, kwamba ulilisikia jina la redio la marehemu kaka yangu Ludovick likiita hewani, ukafurahi mpaka ukasimama kwa ule mguu mbaya. Ukajua ni Calvin, mwanawe. Ukagonga kitufe chako cha telegrafu, nukta na vistari, ukamwuliza mjukuu wako habari za huko. Kilichorudi ni tarakimu za kukueleza mlio wako umefika kwa nguvu gani, na kwaheri ya haraka. Hakuna shikamoo wala salamu ya nyumbani. Ukaamua kwamba mtoto ana kiburi cha ughaibuni, na kwamba Krismasi asikanyage kwako.

La pili, ukalalamika juu ya mtu usiyemjua anayekusumbua kila Jumapili. Umesema mkono wake ni mzito kama wa mtu anayepigilia misumari, na kwamba anaita jina lako la redio wakati wewe unamsubiri mjukuu. Nitaanza na hilo la kwanza.

Unakumbuka Ludovick alivyolipata lile jina alipohama Perth kuja Sydney. Huku mtu akishafaulu mtihani huangalia orodha ya majina ambayo hayana mwenyewe, akachagua, akaomba. Mwanzo wa jina huchagui. Ni VK ya nchi hii, kama yenu ilivyo 5H, halafu namba ya jimbo, ambayo kwa hapa ni mbili. Herufi za mwisho ndizo za kuchagua, isipokuwa zile zinazofanana na kilio cha meli inayozama. Hizo hapewi mtu. Ludovick alichagua herufi za jina la mama yetu, dada yako. Sitaziandika hapa, mkono unakataa.

Cheti kilipokuja, herufi moja ilikuwa si yake. Tukamwambia atumie hivyo hivyo, nani atajua. Akagoma kugusa kitufe mpaka wasahihishe, akasema hawezi kumwita mama kwa jina la mtu mwingine. Lilikuwa kosa lao, wakalirekebisha bila ugomvi. Hapo ndipo tulipojifunza vibaya, Mjomba. Tulidhani kosa lolote la jina hurekebishwa.

Kisha ikaja siku ya kuanua matanga, mwaka juzi, katika ule ukumbi tuliokodi hapa Quakers Hill. Wewe ulikuwa kwenye simu tuliyoiegemeza kwenye birika la chai. Upande wa baba hakubaki mzee, kwa hiyo ukasimamia wewe. Ukasema koti la marehemu avae Calvin. Akalivaa, mikono ikafunika vidole vyake. Ukasema redio ni ya Calvin. Halafu ukasema na jina la redio ni la Calvin, lisilale. Tukapiga makofi, tukalia, tukala. Kwetu neno likishatamkwa na mkubwa mbele ya watu siku kama hiyo, limekwisha. Hata mimi ninayebishana na kila mtu sikuona la kubisha.

Baadaye Elieshi, mjane wa Ludovick, akaanza kuzunguka kuripoti kifo. Benki, kampuni ya simu, maktaba, na wale wanaotunza majina ya redio pia. Unamjua mkwe wako, hawezi kulala sinki likiwa na kikombe kichafu. Yule mtu wa majina alimpa pole, kisha akamwuliza kama familia ingependa jina liwekwe kando kwa muda, asipewe mtu mwingine. Elieshi akajibu hapana, asante, hakuna haja, jina limeshapata mtu.

Alisema kweli, Mjomba. Kwa mila zetu alisema kweli tupu. Lakini yule wa upande wa pili alisikia kwamba familia hailitaki, akaliachia.

Aliyetufumbua macho ni Wilondja, Mkongo wa Uvira aliyekuwa rafiki wa Ludovick katika klabu ya redio. Calvin alikuwa amepeleka redio klabuni akijitambulisha kwa jina la baba yake, wakamwambia hana ruhusa nalo, naye kwa aibu akanyamaza, nyumbani hakusema. Wilondja ndiye aliyekuja. Alileta mkate, akakaa muda mrefu akiuzungusha mfuko wake mikononi, kisha akamwambia Elieshi kwa Kiswahili chao.

"Mama, ile jina haikukuwa ya baba Calvin. Ilikuwa ya Leta. Leta ilimukopesha tu."

Leta kwao ndiyo serikali. Akatueleza kwamba mtoto anaweza kulichukua jina la baba yake, ila lazima afaulu mtihani mwenyewe na aombe mwenyewe, na wakati anasoma ndipo familia huomba liwekwe kando. Calvin hata kitabu alikuwa hajakifungua, maana nani husomea urithi aliokwisha kupewa? Usilolijua ni kama usiku wa giza.

Tulikwenda kuomba turekebishiwe. Tulijibiwa kwa upole, na upole huo ndio ulioniumiza zaidi. Nilikuwa nimejiandaa kugombana. Wakatueleza kwamba makosa ya maandishi yao husahihishwa, lakini hapa hakuna aliyekosea kuandika. Familia iliulizwa, ikajibu, jina likarudi kwenye orodha, na mtu mwenye sifa akaliomba. Elieshi alikaa kwenye gari bila kufunga mkanda, akarudia yale maneno yake mwenyewe, jina limeshapata mtu, jina limeshapata mtu, mpaka nikamwomba anyamaze.

Huyo mtu aliyeliomba ndiye uliyemsikia. Ni mzee wa Dubbo, mji wa mashambani mbali na hapa. Nilitaka sana kumchukia. Wilondja akazungumza naye hewani, akatuletea habari kwamba zile herufi kwake ni za mke wake, aliyefariki. Tungemwambia nini, mwondoe mkeo tumweke mama yetu? Hajui Kiswahili, hajui kama duniani kuna kitu kinaitwa shikamoo. Hakukudharau. Alikujibu kama anavyomjibu kila mtu.

Najua kwako habari hii ni kumzika Ludovick mara ya pili, na dada yako pamoja naye. Kwangu imekuwa hivyo. Wenzake wa klabu wana msemo wao, humwita mwenzao aliyekufa kitufe kilichonyamaza. Nilipousikia msibani niliona ni maneno mazuri. Siku hizi siupendi. Nikipita mlangoni kwa Elieshi nikaona ile meza ya redio ya marehemu, nageuza uso.

Elieshi amekonda. Anapika, anawapakulia wengine, yeye anasema ameshakula. Nakuomba usimwandikie lolote la lawama. Kama ni lawama, ipo ya kututosha sote, wewe uliyetamka na sisi tuliopiga makofi. Nisamehe kwa kusema hivyo, lakini ungenijua vipi kama ningeandika kwa adabu tupu?

Na baya halitembei peke yake. Mwenye nyumba yao ameuza. Mwisho wa mwezi ujao wanahamia ghorofa moja kule Villawood, na huko hawaruhusu mtu kutundika waya wowote nje. Ule waya alioufunga Ludovick kutoka kwenye mkaratusi wa nyuma hadi kwenye bati, uliokuwa ukikatiza juu ya kamba za kuanikia nguo, utashushwa. Redio itakwenda ndani ya boksi. Baada ya hapo sijui.

Sasa niende kwenye lalamiko lako la pili.

Calvin anafanya kazi ghalani Smithfield, anaendesha ile mashine ya kunyanyua mizigo, anarudi amechoka mpaka macho yanamwiva. Baada ya Wilondja kutueleza, alianza kusoma. Alifanya mtihani akaanguka, akarudia akafaulu. Jina la bibi yake lilikuwa limekwenda. Akachukua moja katika yaliyobaki, herufi ambazo hazimaanishi chochote kwa yeyote kati yetu. Hakufanya sherehe wala hakumwambia mtu. Mimi nililiona limebandikwa juu ya redio kwa karatasi, nikauliza.

Halafu akajifunza nukta na vistari. Hakuna aliyemlazimisha, vijana wenzake wanasema kwa sauti, na mtihani siku hizi hauvitaki. Alisema Babu hatumii sauti. Anatumia kitufe kile kile ulichompa baba yake alipokuwa anaondoka Usangi, chenye kibao cha mninga. Kiswahili chake unakijua, anasikia kila kitu na kujibu Kiingereza, lakini amekariri kuandika shikamoo kwa milio, na ukikaa naye jikoni utamsikia anaigonga mezani kwa kijiko.

Taratibu yenu unaijua kuliko mimi. Unaita, unanyamaza, na jina la nyumbani hulitaji mpaka kwanza ujibiwe. Yeye hajajibiwa. Kila Jumapili, kwetu jua linazama na kwako umetoka kanisani, namkuta amevaa koti la baba yake na vile vya masikioni. Anaita ile 5H yako. Ananyamaza. Anaita tena. Nikileta chai inapoa pale pale.

Nilimwambia nitakuandikia nikueleze. Hakugeuka kunitazama.

"Leave it, Shangazi," akasema. "Babu hanitaki."

Sikumtii. Mjomba, yule mtu mwenye mkono wa kupigilia misumari ni Calvin. Umekaa Jumapili zote hizo ukimsubiri mjukuu wako, na aliyekuwa akikuita ni yeye.

Sikuandiki hivi ili ulie. Wala sikuombi ulipende hilo jina jipya. Mimi mwenyewe bado silipendi, halina mtu ndani yake. Naomba tu siku atakapoushusha ule waya, awe ameshausikia mkono wako.

Nisalimie Mama Nakijwa, mwambie kitambaa chake kizito nimekipata na nitampa Gift. Nisalimie Stephania mdogo, wajina wangu, asome, asiige ubishi wangu. Wasalimie wote wa kwaya, na yule jirani aliyekushikia simu siku ya matanga, Mungu amlipe kwa mkono wake uliochoka. Elieshi anakusalimu, ingawa anaogopa kukusalimu. Wilondja naye anakuamkia. Anasema Ludovick alimwambia kwamba mkono wako hewani aliutambua hata kabla hujamaliza kutaja jina.

Mungu akutunze, Mjomba. Akupe usingizi, akupe mguu wa kuteremka na kupanda, na masikio yako ayaache yalivyo.

Ni mimi mpwa wako, mbishi lakini mwenye kukupenda siku zote,

Stephania

Nilitaka kusahau. Jina la redio la Calvin nimeliandika nyuma ya bahasha, kwa herufi kubwa, ulione hata bila miwani. Gift atafika kwako kabla ya Jumapili ya tarehe 20. Calvin akiita, mjibu.