Mama na Beseni la Mpira wa Morris

Sunimal, ndugu yangu, uko wapi?

Ule mpira wa kioo cha mbele cha gari letu, Morris, uliosinyaa, niliuloweka kwenye beseni ulainike. Nilitia thina ya kuchanganyia rangi, pamoja na yale mafuta ya kulainisha mpira yanayonukia kama dawa ya kuchua.

Mama ametumbukiza miguu humo. Miguu yote miwili! Nimemkuta kaketi kibarazani, anajikanda magoti.

"Leo ndiyo umenikumbuka, mwanangu! Dawa hii inaishinda ya yule mganga wa Peradeniya."

Anameza dawa za kuzuia damu isigande, unajua. Mafuta yale hupenya ngozini na kuzizidishia nguvu. Anaweza kuvuja damu ndani kwa ndani.

Tumekuja hospitali kwa bajaji, Morris haina kioo.

Nilitegemea daktari acheke. Ametazama fizi za Mama, zinavuja damu, kisha akamwita mwenzake.